Mkanda wa Gari la Zamani: Nani Aaminiwe, Namba, Kitabu au Puli?

Mwenye Land Rover Series III, Peugeot 504 au Volkswagen Beetle anapoingia dukani kutafuta mkanda wa feni, hutoka na majibu yanayopingana. Muuza spea anamtaka ataje namba. Fundi anamwambia alete mkanda uliokatika ulinganishwe. Mwenzake mwenye gari kama lake anamhakikishia kwamba mkanda wowote wenye upana unaokaribia utafaa, hata ule wa mashine ya kusaga, alimradi altaneta ina nafasi ya kusogea. Kila mmoja anasema kwa uzoefu, na kila mmoja amewahi kufaulu kwa njia yake, ndiyo maana ubishi hauishi. Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi au soko la Kisekka kule Kampala, mikanda huning'inia kwa mafungu ukutani, tarakimu nyeupe mgongoni, na mnunuzi anaweza kuwekewa mitatu juu ya kaunta, namba tatu tofauti, yote ikisemwa kuwa ni ya gari lake.

Mkanganyiko huu una gharama. Mkanda usio sahihi mara nyingi huingia bila tabu na gari huondoka gereji likiwa kimya. Baada ya siku chache unaanza kulia injini inapowashwa, unakazwa, unalia tena, unakazwa zaidi, na miezi ikipita pampu ya maji inaanza kuvuja kwenye shafti. Kwa kawaida lawama huangukia mkanda kwamba ni feki. Feki zipo, na ni nyingi. Lakini mkanda halali wa kampuni yenye jina nao hufanya yale yale ukiwekwa kwenye mfereji usio wake. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba namba, kitabu cha gari na mkanda wa zamani vyote ni taarifa tu kuhusu puli, na taarifa huchakaa, hunakiliwa vibaya au hubaki nyuma ya mabadiliko. Puli yenyewe ipo mbele ya boneti na inaweza kupimwa. Palipo na ubishi, neno la mwisho ni lake.

Kabari ndani ya mfereji

Mwaka 1917 John Gates wa Denver, Marekani, alitoa mkanda wa mpira wenye umbo la V, na kwa miongo mingi iliyofuata mkanda wa aina hiyo ndio uliozungusha feni, pampu ya maji na dainamo za magari karibu yote. Mwaka 1979 Ford ilifunga kwenye Mustang mkanda mmoja mpana wenye mbavu nyembamba unaopita kwenye puli zote, na watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo. Kuanzia hapo mikanda ya V ya magari madogo ilipoteza soko lake kubwa. Haijatoweka, lakini duka lililokuwa na saizi zote sasa lina chache, na pengo hujazwa na "unaokaribia". Magari yanayoathirika zaidi kwetu ni yale yale yaliyojipatia heshima kwenye barabara za vumbi, kama Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, kwa sababu bado yapo mengi yanayotembea na wenyewe hawana nia ya kuyaacha.

Taimingi belti si sehemu ya mjadala huu. Mkanda huo wa meno uliingia kwenye magari ya kuuzwa kwa umma na Glas 1004 ya Ujerumani mwaka 1962, na kwake hakuna "unaokaribia": jino moja likizidi au kupungua, haufai. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 na Peugeot 504 ya petroli huzungusha kamshafti kwa mnyororo, Beetle kwa gia. Tunachozungumzia ni mkanda wa nje, ule unaoonekana ukifungua boneti.

Mkanda wa V haushiki kwa tumbo lake. Hushika kwa mbavu zake mbili zinazobanwa na kuta za mfereji mfano wa kabari, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyojikaza. Ndiyo maana haupaswi kugusa sakafu ya mfereji. Ukigusa, kabari imekwisha, unabaki mkanda bapa unaoteleza juu ya chuma laini, unapata moto na kung'aa mbavu. Kuta za mfereji wa puli ndogo za gari huinama kwa pembe ya jumla inayokaribia digrii 36, na mkanda mpya unaofaa hukaa mgongo wake ukiwa sawa na ukingo wa puli au ukiuzidi kidogo tu, milimita moja hivi.

Kutokana na pembe hiyo inakuja hesabu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha suala zima, na ambayo haisikiki ikitajwa kwenye kaunta. Mkanda ukiwa mwembamba kwa milimita moja tu kuliko mfereji unavyotaka, huzama kwa takriban milimita moja na nusu. Na mkanda ukizama kwa kiasi chochote kwenye puli zote, njia unayopita hufupika kwa kiasi hicho mara mbili ya pai, haijalishi puli ni kubwa au ndogo, mbili au tatu. Milimita moja na nusu ya kuzama inakuwa karibu milimita kumi za urefu. Yaani kosa la upana ambalo jicho halilioni linajitokeza kama kosa la urefu ambalo kila mtu analiona: altaneta imesogezwa hadi mwisho wa mkono wake na mkanda bado umelegea. Mnunuzi anarudi dukani kudai mkanda mfupi zaidi, anapewa, unakaza, na tatizo la kweli linabaki pale pale likiwa limefichwa.

Namba zisizosema jambo moja

Chanzo kikubwa cha pili cha mkanganyiko ni kwamba tarakimu zilizochapwa mgongoni hazipimi kitu kimoja. Mkanda wa gari wa Ulaya ulioandikwa AVX10x905 una upana wa juu wa milimita 10, una meno upande wa ndani, na mzingo wake wa nje ni milimita 905. Mkanda wa viwandani ulioandikwa A36 una upana wa milimita 13, na ile 36 ni inchi za mzingo wa ndani. Mkanda mwembamba wa viwandani ulioandikwa SPZ 900 hupimwa kwa urefu wa katikati, pale nyuzi za ndani zinapopita, ambapo si nje wala si ndani. Katika orodha za Dayco za Marekani namba kama 15430 husomwa kwa vipande: tarakimu mbili za mwanzo ni daraja la upana, inchi 0.44, na tatu za mwisho ni urefu wa nje, inchi 43.0. Herufi La, Li na Lw zinazoonekana kwenye baadhi ya mikanda zipo kwa ajili hii hasa: La ni urefu wa nje, Li wa ndani, Lw wa katikati.

Tofauti hizo si ndogo. Mkanda wenye kimo cha milimita 8 una mzingo wa nje unaozidi wa ndani kwa milimita 50. Mtu aliyepima gari lake akapata milimita 914 za nje, akageuza kuwa inchi 36 na kununua A36, ametoka na mkanda ambao nje yake ni kama milimita 964. Hapo kosa ni kubwa kiasi kwamba hata altaneta haiwezi kulimeza, kwa hiyo angalau linajulikana siku ile ile. Hatari zaidi ni kosa dogo. Beetle ni mfano mzuri, kwa sababu mikanda yake huuzwa kwa urefu wa 905 na wa 912, kutegemea mwaka na kama injini ina dainamo au altaneta. Anayetafuta 905 akakuta SPZ 900 hudhani amepungukiwa milimita 5, upungufu wa kuvumilika. Kumbe kwenye SPZ urefu wa nje huzidi ule ulioandikwa kwa milimita 13, hivyo anachoshika mkononi ni 913: ameuzidi mkanda anaoutaka kwa milimita 8, na bila kujua amekaribia sana ule wa 912.

Kwenye Beetle milimita hizo zina uzito wa pekee. Puli yake ya juu ni vipande viwili, na mkanda hukazwa kwa kuhamisha washa nyembamba kutoka katikati ya vipande hadi mbele yake. Washa zikitoka katikati, mfereji hupungua upana na mkanda hupanda juu. Mkanda mrefu kuliko unavyotakiwa hulazimisha washa zote zitoke nje, na hapo hakuna tena nafasi ya kukaza utakapolegea. Mkanda huo huo ndio unaozungusha feni inayopoza injini kwa hewa. Ukiteleza au kukatika, taa nyekundu ya chaji inawaka, na dereva anayeendelea kwa kudhani ni tatizo la betri anaichoma injini.

Hoja ya kitabu

Kundi la kwanza linasema: fuata namba ya mtengenezaji wa gari, au orodha ya kampuni ya mikanda kama Gates, Continental, Dayco, Bando au Mitsuboshi, na uache kubahatisha. Hoja hii ina nguvu ambayo wapinzani wake huipuuza. Wahandisi waliochagua mkanda ule walipima joto, kasi na mzigo, na orodha nzuri inabeba maarifa hayo yote ndani ya mstari mmoja. Pia inamkinga mnunuzi dhidi ya maneno ya kaunta. Kwa gari ambalo halijaguswa, na ambalo namba yake bado inauzwa, sioni sababu ya kufanya kitu kingine.

Udhaifu wake ni kwamba orodha inaeleza gari jinsi lilivyotoka kiwandani, na gari la miaka arobaini au hamsini ni nadra kubaki hivyo. Badiliko la kawaida kabisa ni kuondoa dainamo na kufunga altaneta. Land Rover za Series II na nyingi za IIA zilitoka na dainamo ya Lucas. Series III ilipoingia mwaka 1971 altaneta ikawa ya kawaida, na tangu hapo wengi wenye za zamani wamehamia huko ili wapate taa zenye mwanga na chaji ya uhakika. Altaneta haina komyuteta inayoogopa kasi, kwa hiyo hufungiwa puli ndogo ili izunguke haraka zaidi. Umbo lake ni fupi na nene, mabano yake si yale yale, na mkono wa kurekebishia unaweza kuwa umetengenezwa na fundi wa kuchomelea. Kila kimoja kati ya hivyo hubadili urefu wa njia ya mkanda. Kitabu cha gari hakijui lolote kati ya hayo. Tukiongeza Land Rover zilizowekewa injini za dizeli za Kijapani, magari yaliyoongezewa kompresa ya AC, na pampu za maji zilizotoka kwenye modeli nyingine, tunaona kwa nini namba "sahihi" hutoa mkanda usioingia. Wanaotetea kitabu watasema kosa ni la aliyebadilisha gari. Huenda ni kweli, lakini ukweli huo haumpi mwenye gari mkanda.

Hoja ya kulinganisha na wa zamani

Kundi la pili, ambalo mafundi wengi wamo, linataka mkanda uliotoka uwekwe ubavuni mwa mpya. Ni njia ya haraka, haihitaji kusoma herufi yoyote, na ina faida moja kubwa juu ya kitabu: inaangalia gari lilivyo leo. Fundi hutundika mikanda miwili kwenye kidole, anaivuta chini, anaona ipi ndefu. Akiwa makini zaidi huweka alama ya chaki mgongoni mwa mkanda, huuviringisha sakafuni mzunguko mmoja kamili juu ya mstari ulionyooka, na kupima alama hadi alama. Kipimo hicho ni urefu wa nje, na ni kizuri, kwa sharti kwamba mkanda wenyewe ulikuwa mzuri.

Sharti hilo ndilo linaloiangusha hoja hii. Mikanda ya zamani yenye nyuzi za pamba au reyoni hunyooka ikitumika. Ya sasa yenye nyuzi za poliesta hunyooka kidogo sana, kwa hiyo mpya ukilingana kabisa na wa zamani uliokwisha kunyooka, utakuwa mrefu tangu siku ya kwanza. Mbavu nazo zimelika. Mkanda uliotoka kiwandani na upana wa milimita 13 unaweza kupimwa 12 au pungufu, na anayelinganisha kwa kutazama atachukua mwembamba, kisha hesabu ya kuzama tuliyoiona juu inaanza kazi yake. Kuna jambo lingine zito zaidi: hakuna anayejua kama mkanda uliotoka ndio uliostahili kuwepo. Gari lililopita mikononi mwa wamiliki wanne lina uwezekano mkubwa wa kuwa na mkanda uliochaguliwa kwa njia hii hii ya kulinganisha, na kosa la mmiliki wa pili limerithiwa hadi kwa wa nne kwa uaminifu mkubwa.

Hoja ya mkanda wa mashine

Kundi la tatu linatazama upatikanaji. Mikanda ya viwandani ipo kila mji wenye mashine za kusaga, pampu za umwagiliaji na karakana za mbao, bei yake ni ya chini, na saizi zake zimejaa rafu nzima. Wapinzani huikataa yote kwa neno moja kwamba "si ya gari". Kukataa huko ni kwa jumla mno, kwa sababu ndani ya mikanda ya viwandani mna jamii tofauti kabisa.

Mkanda wa kawaida wa A, ule uliofunikwa kitambaa pande zote na wenye mgongo laini, umekusudiwa puli zisizopungua takriban milimita 75 kwa kipenyo, na kasi isiyozidi mita 30 hivi kwa sekunde. Puli nyingi za altaneta ni ndogo kuliko hapo. Na puli ya kranki yenye kipenyo cha milimita 130 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika hupeleka mkanda kwa mita 34 kwa sekunde. Kwa hiyo mkanda wa mashine ya kusaga uliofungwa kwenye gari unakunjwa kuliko uwezo wake na kukimbizwa kuliko uwezo wake, karibu na rejeta yenye moto na mara nyingi kwenye mvuke wa oili. Utatembea, ndiyo. Utamfikisha mtu nyumbani. Lakini nyuzi zake zitachoka upesi kutokana na kukunjwa, na utakatika bila kutoa dalili ndefu.

Mkanda mwembamba wenye meno, ulioandikwa XPZ, ni habari nyingine. Upana wake wa juu ni milimita 9.7 na kimo 8, karibu sawa kabisa na mkanda wa gari wa milimita 10. Meno yake ya ndani huuruhusu kukunjika kwenye puli ndogo, na kasi yake hufika mita 40 kwa sekunde. Kwa mfereji wa milimita 10 huo ni mbadala wa heshima, mradi mnunuzi akumbuke kwamba urefu ulioandikwa ni wa katikati na aongeze zile milimita 13 kabla ya kulinganisha. Hapa naachana na wanaokataa mikanda yote ya viwandani: kumnyima mwenye Beetle wa Tabora au Kisumu mkanda unaofaa kwa sababu ya jina la rafu ulikotoka si uangalifu.

Mikanda ya kuunga kwa vipande, inayouzwa kwa mita, inastahili kubaki kwenye buti kwa dharura. Kugeuza gari lote litumie mkanda wa mbavu nyingi kunawezekana kwa mwenye fedha na mkerezaji hodari, lakini kunahitaji kubadili kila puli, na gari linapoteza sura yake ya mbele ya injini.

Mpya wa zamani

Wapo wanaotafuta mkanda uliotengenezwa enzi za gari lenyewe, haujatumika, ukiwa bado kwenye karatasi yake. Kwa gari la maonyesho hamu hiyo inaeleweka, maana mkanda wa kitambaa wenye nembo ya zamani una sura ambayo mkanda wa meno hauna. Upana na umbo lake pia huwa ndivyo vinavyotakiwa. Hii ni faida halisi kwa magari ya miaka ya 1930 hadi 1950, ambayo mengine yalitumia mikanda mipana isiyotengenezwa tena kwa wingi.

Shida ni umri wa mpira. Kiwango cha kimataifa cha kuhifadhi bidhaa za mpira, ISO 2230, kinataka stoo yenye joto lisilozidi nyuzi 25, giza, na mbali na mota za umeme zinazotoa ozoni. Stoo ya bati Mombasa au Dar es Salaam haikidhi hata sharti la kwanza kwa miezi mingi ya mwaka. Mkanda uliotundikwa humo miaka thelathini kwenye msumari mmoja umekakamaa pale ulipokunjika, na ufa huonekana ukiupinda kinyumenyume. Mikanda ya leo ya EPDM huvumilia joto kuliko ile ya neoprini iliyoitangulia, kwa hiyo anayenunua wa zamani kwa ajili ya safari ndefu analipa zaidi ili apate pungufu. Kwa maonyesho, sawa. Kwa barabara ya Dodoma hadi Mwanza, hapana.

Puli ipimwe vipi, na kwa nini itoshe

Kupima puli hakuhitaji vifaa vya kiwandani. Kwanza ni upana: kaliparata ikiwekwa juu ya ukingo wa mfereji inasema kama ni wa milimita 10 au 13, na kipande kifupi cha mkanda mpya wa kila saizi kikikandamizwa ndani kinathibitisha. Kikikaa sawa na ukingo na chini yake pakabaki uwazi, ndicho. Kikitumbukia au kikipanda juu kikashika kwa nusu ya chini tu ya mbavu, sicho. Hatua hii hutangulia urefu kwa sababu ya hesabu ile ile: urefu hauna maana kabla ya kujua mkanda utakaa wapi. Na sakafu ya mfereji itazamwe kwa tochi. Ikiwa inang'aa, mkanda uliopita ulikuwa unaigusa, ama kwa kuwa mwembamba ama kwa kuwa kuta za puli zimelika na kuwa na bonde. Puli iliyolika haiponi kwa mkanda mwingine. Hubadilishwa, au mkerezaji hutengeneza nyingine kwa pembe ile ile.

Kisha urefu. Altaneta isogezwe karibu na injini, iachwe kama theluthi ya safari ya mkono wake kutoka mwisho wa ndani. Wengi hutumia kamba, na kamba huwadanganya kwa sababu huzama kwenye mfereji hadi sehemu isiyojulikana. Futi ya fundi cherehani inafaa kuliko kamba: ni pana kuliko mfereji, hivyo inalala juu ya kingo zote mbili za puli bila kutumbukia, hainyooki kwa urahisi, na ina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Ikizungushwa kwenye puli zote kwa njia ya mkanda na kuvutwa barabara, kinachosomeka pale inapokutana ni urefu wa nje wa mkanda unaokaa sawa na ukingo. Hiyo ndiyo La, na ndiyo ya kuandikwa kwenye karatasi na kupelekwa dukani.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mwenye gari si mhandisi na anaweza kupima vibaya. Ni kweli, na futi ikikosewa kwa milimita tano matokeo yatakosewa hivyo hivyo. Lakini kosa hilo linamezwa na safari ya altaneta, ndiyo sababu ya kuiweka kwenye theluthi. Kosa la kuchanganya urefu wa nje na wa ndani halimezwi, wala kosa la upana, na hayo ndiyo makosa ya kaunta. Pingamizi la pili ni zito zaidi: puli zenyewe huenda zimebadilishwa vibaya na mmiliki aliyepita, kwa hiyo kuzipima ni kuhalalisha kosa lake. Jibu langu ni kwamba mkanda hutumikia puli zilizopo, hauwezi kutumikia zilizokuwepo. Kipimo ndicho kitakachofichua kosa hilo, kwa mfano mfereji wa milimita 13 kwenye kranki na wa 10 kwenye altaneta, jambo ambalo mkanda wowote, hata wa kitabu, usingeliponya.

Pingamizi la tatu husikika zaidi gereji: mkanda ni bei ndogo, ukiteleza kaza. Hapa gharama imehesabiwa upande mmoja. Mkanda uliofungwa sawasawa hubonyea milimita 10 hadi 15 ukisukumwa kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Ukikazwa kupita hapo, nguvu ya ziada inabebwa na beringi za pampu ya maji na altaneta, na kwa gari la zamani pampu ndiyo spea adimu. Vivyo hivyo kwa mkanda mfupi unaoingizwa kwa bisibisi huku injini ikizungushwa: nyuzi za upande mmoja hukatika ndani bila kuonekana nje, na wiki chache baadaye mkanda hujipindua kwenye mfereji. Wenye magari ya mikanda miwili sambamba, kama baadhi ya Mercedes-Benz za dizeli, wana sababu nyingine ya kutobania pesa. Miwili hubadilishwa pamoja na itoke fungu moja, maana mpya ukiwekwa pembeni ya ulionyooka hubeba mzigo wote peke yake.

Mizani

Kwa gari ambalo halijabadilishwa, orodha ya mtengenezaji ndiyo njia fupi, na kupima puli ni uthibitisho wa dakika chache. Kwa gari lililobadilishwa, mpangilio unageuka: puli kwanza, kisha orodha ya mikanda kwa vipimo badala ya jina la gari, ambayo kampuni kubwa huichapa na wauza spea wengi wanayo chini ya kaunta bila kuitumia. Mkanda wa zamani unabaki shahidi wa tatu, wa kusikilizwa kuhusu njia uliyopita na namna ulivyolika zaidi ya urefu wake. Mkanda wa viwandani wenye meno unaruhusiwa ukilingana kwa upana na urefu ukigeuzwa ipasavyo, na wa kitambaa wa mashine ya kusaga ubaki wa dharura.

Na kitabu kikisema 905 huku futi ikisoma 930, ununuliwe wa 930, injini iendeshwe kwa robo saa na mkanda ukazwe upya ukiwa umetulia kwenye mfereji. Baada ya hapo zile milimita 25 zitafutiwe asili yake, puli kwa puli na bano kwa bano, maana aliyefunga kitu kisichokuwepo kiwandani huenda alifunga na kingine. Rula ndefu ikiegemezwa kwa ubavu wake kwenye uso wa puli ya kranki na ile ya altaneta itaonyesha kama puli hizo zipo kwenye mstari mmoja; zisipokuwepo, ni kosa, jambo ambalo hata mkanda wa urefu kamili hauwezi kulivumilia kwa muda mrefu.